Bustani ya uani vuli hii: hesabu ndoo kabla ya kukodi robo eka



Septemba hii vijana wanne wamenitumia video moja ile ile, kila mmoja kwa siku yake. Ndani yake yumo bwana mmoja wa Ulaya, kavaa sweta, anaonyesha namna ya kuanzisha bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Kwao ni majira ya kuchipua: theluji imeisha, Aprili imeingia, na yeye anaitoa miche ya tungule ndani ya nyumba aipeleke nje. Kazi yake nzuri, sina ugomvi naye. Lakini mmoja wenu kaniuliza, "Kwa hiyo na sisi tusubiri Aprili?" La hasha. Aprili kwetu Pemba ni katikati ya masika. Miche ya tungule ukiitoa nje mwezi huo mvua inaipiga, majani hayakauki kutwa, ukungu unaingia, na maji yakituama kwenye kinamo mizizi inaoza. Bwana yule anaikimbia baridi, sisi tunaukimbia unyevu uliozidi na jua lililozidi.

Cha kulinganisha na majira yao ya kuchipua hapa kwetu ni vuli. Mvua zake za Oktoba mpaka Disemba ni za kuja na kuondoka, ardhi inalainika bila kuzama, na kinachopandwa kinakomaa jua la kaskazi linapokausha majani. Shida ya vuli mnaijua: huwezi kuiamini. Mwaka mmoja inanyesha vizuri, mwaka mwingine inadondosha mara tatu ikaondoka. Kwa hiyo anayepanda vuli kwa kutegemea mawingu peke yake anacheza kamari, na anayepanda akiwa na kisima ana bustani.

Nimeamua kuandika juu ya bustani ya uani kwa sababu ya simu nyingine niliyopokea. Kijana wa upande wa Micheweni amechuma karafuu tangu Agosti, pesa yake ya pishi ameitunza, na kuna mzee anataka kumkodisha robo eka mpaka masika. Anauliza: "Bibi shamba, niijaze tungule yote?" Nikamuuliza amewahi kutunza tungule ngapi mpaka zikaiva. Akanyamaza, kisha akasema nyumbani kwao mama ndiye mwenye bustani.

Wengi wenu mko hapo hapo. Mnazo simu, mna hamu, na hesabu za kikokotoo mnazijua kuliko mimi. Hamjakaa na tuta moja kuanzia mbegu mpaka sokoni. Nyuma ya nyumba mnapata nafasi ya kulikalia kwa gharama ndogo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayowaangusha wengi. Bustani ya mboga kwenye jua letu hunywa kiasi cha lita 4 mpaka 6 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku isiyo na mvua. Tuta la mita 1 kwa mita 10 ni mita 10 za mraba, yaani lita 40 mpaka 60, yaani ndoo 2 mpaka 3 za lita 20. Matuta manne ni ndoo 8 mpaka 12 kila siku. Nendeni kisimani mkazichote kwa wiki moja kabla hamjapanda kitu, mwone kama mnaweza. Wallahi sifanyi mzaha. Kama mnategemea bomba, angalieni linatoka siku ngapi kwa wiki na mna madumu mangapi ya kuhifadhia.

Sasa chukueni hesabu hiyo hiyo mwende nayo kwenye robo eka. Robo eka ni kama mita 1,000 za mraba. Kwa lita 5 kwa mita ni lita 5,000 kwa siku, ndoo 250. Hakuna kijana wa kuchota ndoo 250 kwa mkono Januari na Februari. Lazima pampu, mpira, tangi, na kisima kisichokauka baada ya nusu saa ya kuvutwa. Gharama hizo hazimo kwenye kodi ya shamba aliyotajiwa yule kijana. Kumbe aliyokuwa akiulizia kwangu ni tungule, na jibu lake limo kisimani.

Walio karibu na pwani, onjeni maji. Visima vingi vya ukanda wa mawe na vya jirani na mikoko vina chumvi, na chumvi inapanda kadiri kaskazi inavyokaza. Pilipili boga na maharage ndiyo wa kwanza kulalamika: ncha za majani zinaungua, mche unadumaa. Mchicha huvumilia zaidi. Kama maji yenu yana ladha, msianze na pilipili.

Udongo hautanichukua muda. Wenye kinongo mshukuruni Mungu. Wenye kinamo, inueni matuta shubiri moja mpaka moja na nusu na muache mifereji. Wenye mchanga, samadi iwe nyingi na matandazo yawe mazito, mana maji yanapita kama kwenye chujio. Tuta la mita 10 litakula ndoo 3 au 4 za samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Ya kuku iwe nusu ya hapo, na ikae wiki mbili ndani ya udongo kabla ya kupanda, vinginevyo inachoma. Wenye mpunga mnazo kumvi, na kila nyumba ya Pemba ina makuti chakavu. Vyote vinafaa kutandazwa, ila visiguse shina la mche, maana chini yake ndipo konokono na sota wanapolala mchana.

Kitalu kiwe kwenye kichanja. Nasema hivi kwa sababu mbili: kuku, na karafuu. Mwezi huu na ujao uani kote kumetandikwa majamvi, watu wanaanua na kuanika, watoto wanapita mbio mawingu yakikusanyika. Kitalu cha chini hakimalizi wiki. Pigeni vijiti vinne, kichanja cha kufika kiunoni, juu yake boksi au trei yenye udongo mweusi, mchanga na samadi laini. Udongo huo umwagieni maji yanayochemka siku moja kabla, uache upoe. Ezekeni makuti juu kwa urefu wa mkono, na siku kumi za mwisho yapunguzeni kidogo kidogo ili miche izoee jua. Miche ya tungule, bilingani na pilipili hukaa hapo wiki 4 hivi, pilipili zaidi kidogo. Ikiwa na majani manne mpaka matano ya kweli, hamisheni jioni. Mche mrefu uliolegea kama uzi ni wa kivulini mno, usiuhurumie.

Tungule pandeni safu mbili kwenye tuta, nusu mita kati ya mche na mche, na hapo tuta la mita 10 linabeba mashina 40. Bilingani lipe sentimita 60 mpaka 75. Bamia halitaki kitalu: weka mbegu mbili kila sentimita 30, kisha bakisha mche mmoja. Mchicha sia kwa mistari, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Kwa aina za mbegu, tungule ya Tengeru 97 inavumilia minyoo fundo, na bamia la Clemson Spineless linajulikana sokoni. Karoti na kabichi waachieni wa Lushoto kwenye baridi yao.

Tarehe. Hapa biashara inaingia hata kama una tuta moja. Mboga nyingi za bara zinatufikia kwa vyombo kutoka Tanga, na zikijaa, bei ya Chake na Wete inashuka hata kama umelima vipi. Hatuwezi kushindana kila wiki. Tunaweza kuchagua wiki zetu, na wiki ninayoijua mimi ni za Ramadhani, ambapo kila nyumba inataka tungule, bamia na kotmiri siku moja, saa ile ile ya alasiri. Ramadhani ijayo kwa kalenda inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari 2027, kwa kutegemea mwandamo. Hesabuni kurudi nyuma. Tungule kuanzia mbegu mpaka mchumo wa kwanza ni siku 90 mpaka 100, kwa hiyo mbegu iingie kitaluni katika wiki ya mwisho ya Oktoba. Bamia ni siku 50 mpaka 60, basi mwanzoni mwa Disemba. Mchicha ni wiki 3 mpaka 4, na huo msiusie wote siku moja: kipande leo, kipande baada ya siku kumi, kipande tena, mpaka katikati ya Januari. Mwakani msinakili tarehe hizi, maana mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na mvua hairudi nao.

Angalieni pia kwamba wiki ya mwisho ya Oktoba mpo juu ya mikarafuu. Nani atamwagilia kitalu? Jibu ni lile lile alilonipa kijana wa Micheweni: mama.

Hapa nataka kusimama kidogo. Mwaka jana nilipita nyumba moja upande wa Ole. Kijana wa pale kaigeuza bustani ya uani kuwa ya biashara, matuta sita, safi, miti ya kuegemeza imenyooka kama askari. Nikamsifu. Mama yake alinisindikiza mpaka njiani akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu kageuka mfanyabiashara. Mchicha umeota uani kwangu, mie nanunua fungu kwa mpita njia." Zamani alikuwa na matuta yake mawili, akipika mchicha na mtoriro bila kuomba mtu hela. Sasa matuta kapandwa bilingani la sokoni, na bado asubuhi yeye ndiye anayechota maji, kwa sababu kijana kaenda Wete kutafuta wanunuzi.

Ukiitazama biashara ile kwa daftari, haikuwa na faida ile aliyoisema. Maji yalikuwa ya bure kwa sababu mama hakulipwa. Ardhi ilikuwa ya bure kwa sababu mama hakuulizwa. Na nyumba ilianza kununua kitu ambacho jana ilikuwa ikikichuma, gharama ambayo haikuandikwa popote. Kijana huyo akikodi shamba la watu na kuajiri mtu wa kumwagilia, faida ile itayeyuka, na yeye atasema shamba limelogwa.

Kwa hiyo, vijana wangu, ua una mwenyewe. Nendeni mkaombe, kwa adabu, kama mnavyomuomba mzee wa robo eka. Matuta mawili ya mama yabaki yake, na msimchagulie cha kupanda. Yenu yawe pembeni. Na mkae naye mfundishwe: kuna akina mama Pemba hii waliopita mafunzo ya mradi wa VIUNGO, ule uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na PDF, Community Forests Pemba na TAMWA Zanzibar, na kuna wengine hawakupita mafunzo yoyote lakini wanajua upande gani wa ua maji yanatuama na mmea gani ulikufa hapo miaka mitatu nyuma. Taarifa hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, nitawaonyesha sasa hivi kwa nini.

Mnyauko bakteria. Tungule au bilingani limesimama vizuri asubuhi, mchana limelegea likiwa bado la kijani, siku ya tatu limekufa. Mtu anadhani ni kiu, anaongeza maji, anausambaza. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize ncha kwenye gilasi ya maji safi, usiitikise. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ndiyo wenyewe. Hauna dawa ya kunyunyiza, na anayewauzia dawa hiyo anawauzia maji. Ng'oa mche na udongo wake, uuchome, osha jembe. Ugonjwa unabaki ardhini kwa miaka, kwa hiyo mahali hapo usirudishe tungule, bilingani, pilipili wala mbatata, maana ni ukoo mmoja. Weka mchicha, mahindi, kunde. Sasa mama akikuambia "hapo bilingani zangu zilikufa zikiwa mbichi", sikiliza. Kakuokolea msimu. Katika shamba la kukodi hakuna wa kukuambia, na mwenye shamba hana haraka ya kukumbuka.

Kantangaze mtamjua kwa majani yenye mabaka mapana yaliyopauka na tunda lenye matundu madogo. Uani mnaweza kumdhibiti kwa mkono: kila asubuhi chuma jani lenye mabaka, liharibu. Nzi wa matunda wanaotoboa matango na mamumunye nao wanataka mkono: tunda lililodondoka lisilale hata usiku mmoja. Lifukie kina cha nusu mita, au litie kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko. Wa bara wanaelekezana mifuko ya plastiki iachwe juani, lakini Zanzibar mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu 2006, msiitafute. Vidukari kwenye kunde na bamia, maji ya sabuni au mwarobaini uliotwangwa ukalowekwa usiku kucha, upigwe jioni chini ya majani. Mwarobaini hauui papo hapo, na wenye haraka hawaupendi.

Dawa za dukani sizikatazi. Lakini uani si shambani. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye chupa, na uani mvunaji si wewe peke yako. Kuna kijana alipiga bilingani alasiri akaenda mpirani bila kumwambia mtu. Magharibi dada yake kachuma mchicha wa tuta la jirani, hatua moja kutoka pale. Bahati mtoto mdogo ndiye aliyesema, "Kaka kapiga dawa yenye harufu," na chungu kikamwagwa. Ukipiga dawa, mwambie kila mtu wa nyumba ile, chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, na kitambaa kisitoke mpaka siku za chupa ziishe. Sumu isikae kwenye chupa ya soda, na pampu usiioshee kisimani.

Kumwagilia kuwe asubuhi, shinani, kwa kopo. Jioni majani yanalala maji na ukungu unafurahi. Tungule zifungwe kwenye miti zikifika goti, vichipukizi vya kwapani vipunguzwe, majani yanayogusa ardhi yatolewe. Palizi kila wiki ni dakika ishirini, ukiacha wiki tatu ni siku nzima. Kuhusu kuku, ua wa makuti unatosha mkiufunga mpaka chini. Kuku wa Pemba anapita penye nafasi ya ngumi.

Daftari sasa. Skuli mlizoea daftari la mistari, linatosha. Kila siku: ndoo ngapi, saa ngapi za kazi na za nani, kilo ngapi zimechumwa, zimeliwa ngapi, zimeuzwa ngapi na kwa bei gani, zimetupwa ngapi. Zilizoliwa ziandikwe kwa bei ya soko siku hiyo, maana nyumba ingezinunua. Saa za mama ziandikwe pia, na mwisho wa mwezi apewe kitu mkononi.

Binti mmoja wa Vitongoji alinionyesha daftari lake la vuli iliyopita, nimemuomba ruhusa ya kutaja tarakimu bila jina. Tuta moja la tungule, mashina 40. Yaliyofika kuzaa ni 29. Alichuma kilo 41 kwa jumla. Nyumbani zililiwa 9, ziliuzwa 26, zilitupwa 6 kwa kuoza na kutobolewa. Kilo nzuri ni 35 kwa mashina 40 aliyopanda. Kwenye kikokotoo cha simu alikuwa ameandika kilo 4 kwa shina, jumla kilo 160.

Pelekeni tofauti hiyo kwenye robo eka yenye mashina 3,000 hivi, ukishatoa njia. Kikokotoo kitasema tani 12. Daftari la binti litasema kilo 2,625. Aliyekopa kwa hesabu ya tani 12 atauza pikipiki. Na binti hakuvunjika moyo, anataka kujua tu yale mashina 11 yalikwenda wapi. Sita yalikuwa ya sota wiki ya kwanza, aliyaandika. Vuli hii atazungushia kila mche karatasi ngumu, kimo cha vidole vitatu, iliyochomekwa ardhini. Akiokoa hayo sita tu, tarakimu inabadilika.

Kijana wa Micheweni nilimjibu hivi: pesa ya karafuu isiende kwenye kodi mwaka huu. Nunua madumu, mbegu, mpira wa mita chache, na ulipie kisima cha nyumbani kichimbuliwe tope. Chukua matuta manne kwa ruhusa ya mama. Mzee wa robo eka muombe akuonyeshe kisima cha shamba lake mwisho wa Februari, wakati kimeshuka kabisa, kabla hujamlipa chochote. Kama kina maji wakati huo, na daftari lako linasema zaidi ya kilo moja nzuri kwa kila mche uliopandwa, nipigie tena tukazungumze kodi.

Masika ikikaribia, mwezi wa Machi, msirudishie tungule. Ng'oeni mashina yaliyochoka, inueni matuta, chimbueni mifereji kuelekea chini ya mteremko, na pandeni mtoriro na kunde zishike udongo. Kwenye bamia acheni mashina mawili bora bila kuyachuma, maganda yakauke mtini mpaka yapasuke kwa kidole, na mbegu mzihifadhi kwenye chupa kavu yenye majivu kidogo. Kwa Clemson inawezekana, kwa mbegu chotara mtalazimika kununua upya.